Mwalimu wa Ndio na La

Mwalimu wetu wa Biolojia hakuwa akimpa mtu mkono. Ukimnyooshea wako, alikupa kifundo cha mkono, kikavu, kimekunjwa kidogo, nawe ukakishika hicho na kushukuru. Mfukoni alikuwa na vitambaa viwili. Cheupe kilikuwa cha uso wake. Cha buluu kilikuwa cha dunia nzima: vitasa vya milango, dasta, madaftari yetu, hata Biblia ya kanisa ambayo wengine walikuwa wameifungua kwa vidole vya kulambwa. Kwenye matanga alikuja na sahani yake imefungwa kwa gazeti, akapakuliwa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, humo, na kijiko kikatoka mfuko wa ndani wa koti. Watu wa kwetu, kule milimani juu ya mji wa Kikima, walimcheka, kisha wakamzoea, kisha wakaanza kuringa naye. Walisema mtu aliyesoma huwa hivyo. Na mimi niliringa naye karibu miaka minne, na leo nikikumbuka kile kifundo roho inanichafuka.

Jina lake silitaji. Si kwa heshima. Ana watoto na wajukuu ambao hawajanikosea kitu, na tena yeye mwenyewe alipenda kuitwa Mwalimu tu, hata na mke wake.

Nitaanza na kile alichokiweza, maana ndicho kinachonikera zaidi. Angekuwa mjinga ningemsamehe zamani. Alifundisha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikiliza, na chuoni nimesikiliza wengi wenye vyeo. Somo lilipaswa kuwa la Kiingereza, lakini akiona macho yetu yamelegea alifunga kitabu na kuhamia Kiswahili. "Sasa tuongee kama watu wenye damu," alisema. Hapo hata wale wa nyuma waliokuwa wakichorachora dawati waliinua vichwa.

Siku ya mfumo wa neva, tukiwa kidato cha nne, alikuja na kengele ya shule, ile ya kushika mkononi. Akamkalisha rafiki yangu Nduku mbele ya darasa, kengele mapajani.

"Huyu ni seli moja ya neva," alisema. "Moja tu. Zilizo kichwani mwenu hazihesabiki. Na kila moja inaongeleshwa na maelfu kwa wakati mmoja."

Wanafunzi wa upande wa kushoto akawapa neno Ndio. Wa upande wa kulia akawapa neno La. Kila mtu alikuwa huru kusema neno lake anapotaka, na kazi ya Nduku ilikuwa kujumlisha. Ndio zikizidi La kwa tano, apige kengele. Zisipofika, atulie.

Tulipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa jirani akachungulia. Nduku alitoka jasho, midomo ikihesabu. Mara akaitikisa ile kengele, tukashangilia, na Mwalimu akainua kidole.

"Zingezidi kwa kumi badala ya tano, ungepiga kwa nguvu zaidi?"

Nduku akasita. "Labda, Mwalimu."

"Hapana. Kengele ya neva hailii nusu. Inalia au hailii. Ishara za Ndio zinachochea, za La zinazuia, na seli inafanya hesabu yake tu."

Kisha akatuambia tukunje mikono kama tunapeleka kijiko mdomoni. Msuli wa mbele unavuta, akauliza, wa nyuma unafanya nini? Mmoja wetu akajibu umelala. Mwalimu alikunja uso kana kwamba ametukanwa. Haujalala, alisema, umeambiwa utulie. Kuna seli kwenye uti wa mgongo ambayo kazi yake ni kuupelekea La wakati ule ule mwenzake anapopelekewa Ndio. La hiyo isipofika, misuli miwili itavutana na uji utamwagikia kifuani. "Kutulia ni ujumbe," alisema. Neno hilo alilitumia kwa kila kitu baadaye, kwa kelele za darasani, kwa waliokimbilia kujibu kabla ya swali kwisha, hata kwa jogoo wa mpishi.

Basi kutoka nyuma mtu akauliza, "Na mtu wa kifafa je, Mwalimu?"

Mimi niliinama nikajifanya natafuta kalamu. Nilikuwa na kifafa tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nyumbani alijua mama peke yake, na dawa zilikaa kwenye mkebe wa majani ya chai. Kwetu watu huamini kwamba kinaambukiza kwa povu la mdomoni. Ukimgusa aliyeanguka kabla povu halijakauka, wewe ndiye utakayefuata. Kwa hiyo mtu akianguka sokoni, watu hujitenga, wakaunda duara pana, wakangoja.

Mwalimu hakulikwepa swali. Aliwanyamazisha wa upande wa kulia wote, akawaamuru wa kushoto waseme Ndio bila kupumua. Nduku alipiga kengele mfululizo hadi mkono ukamlegea.

"Hicho ndicho kifafa," alisema. "Seli nyingi zinawaka kwa pamoja, na breki zimeshindwa. Dawa kazi yake ni kuongeza nguvu upande wa La. Basi. Si mapepo, si laana, si mate. Hakimwambukizi mtu."

Niliandika "si mate" kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Nilishuka kwenda nyumbani kupitia matuta ya kabichi nikiwa mwepesi, nikamsomea mama sentensi hiyo jikoni. Mama aliniomba niisome tena. Tangu siku hiyo akawa akimwombea Mwalimu kwa jina kila asubuhi, na hilo nalo linanitia kichefuchefu.

Sasa niseme habari ya ng'ombe, ili msidhani alikuwa mtu wa kuogopa uchafu tu. Ng'ombe wa jirani akishindwa kuzaa, waliyemkimbilia ni yeye. Alivua shati, akalikunja vizuri, akalining'iniza kwenye mti, akajipaka mafuta ya kupikia mpaka begani, akaingiza mkono wote. Nilimwona kwa macho yangu nyumbani kwa kina Nduku. Alikuwa amelala ubavuni kwenye matope, shavu lake limegusana na mapaja ya ng'ombe, akiongea na yule mnyama kwa Kikamba kwa sauti ya kubembeleza. Ndama alipotoka akiwa hapumui, Mwalimu alimsafisha pua kwa vidole vitupu, akampuliza, akamsugua kwa majani makavu. Damu na ute vilimfika shingoni. Alicheka kama mtoto. Kisha akaoga kwenye karai, akavaa shati, na mama yake Nduku alipomnyooshea mkono kumshukuru, akampa kifundo.

Tulilisimulia jambo hilo tukicheka mbavu zikauma. Hakuna aliyejiuliza ni nini hasa mtu huyu alikuwa akikionea kinyaa.

Alikuwa na mema mengine, nayasema yaishe. Hakutumia kiboko hata siku moja. Alijua majina yetu sote pamoja na madawati tuliyokaa. Miti iliyo kwenye uwanja wa shule aliipanda yeye na kuinyweshea maji ya kuoshea vyombo wakati wa kiangazi. Kanisani aliimba sauti ya chini, na watu walikaa upande wake ili wamsikie. Mtu akiugua, kabla ya kwenda zahanati, walipita kwake kuuliza. Neno lake kuhusu mwili lilikuwa ndilo la mwisho kutoka mtoni hadi juu kwenye misitu, na alijua hivyo.

Mwaka huo mvua ilichelewa, na kanisa letu likatangaza mfungo wa siku tatu. Kila nyumba ilifunga, hata watoto wakubwa. Kwenye pakiti ya dawa zangu muuguzi alikuwa ameandika kwamba nimeze baada ya chakula. Mama ni mtu wa kufuata maagizo. Aliketi na ile pakiti, akafikiri, akaamua: hakuna chakula, kwa hiyo hakuna dawa. Kumeza tumbo tupu lingekuwa kosa kwa daktari, na kula kabla ya kumeza lingekuwa kosa kwa Mungu. Siku tatu mkebe wa majani ya chai haukufunguliwa. Siku hizi, nikigawa dawa hizo kazini, husema hata kama sijaulizwa: ukifunga, dawa haifungi. Wengine hucheka. Mimi sicheki.

Niliangukia darasani siku ya nne asubuhi, kipindi cha Biolojia. Ninachokumbuka mimi ni harufu ya chaki, kisha hakuna kitu. Yaliyofuata niliambiwa na Nduku. Nilipiga kelele moja, nikaanguka kati ya madawati, mwili ukakakamaa kisha ukaanza kurukaruka. Nduku alipiga magoti kunishika kichwa. Mwalimu akasema, kwa sauti ambayo hawakuwahi kuisikia kwake, "Nduku! Toka hapo. Mtu asimguse." Akawatoa wote nje. Akatoka wa mwisho, akauvuta mlango kwa kitambaa cha buluu, akaufunga.

Niliamka peke yangu. Shavu langu lilikuwa kwenye sakafu ya saruji na ulimi ulikuwa na ladha ya chuma. Sketi ilikuwa imelowa. Nilitazama juu nikaona dirisha limejaa nyuso, wanafunzi wenzangu wa miaka minne, wengine wamejifunika pua kwa kola za sweta. Kuna dawati lilikuwa limeniangukia mguuni, na hakuna aliyeliondoa. Niliona haya nikataka kufa. Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Mlango ulifunguliwa baadaye, na Mwalimu akaingia na ndoo. Hakunitazama usoni. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, akamwaga maji ya jiki, ile dawa kali ya kuua viini, sakafuni, pale nilipokuwa nimelala, nami bado nimeketi pale pale. Maji yale yakaja polepole yakanifikia magotini. Yaliwasha. Nilimwambia, "Mwalimu, samahani." Mimi ndiye niliyeomba msamaha! Akajibu, "Nenda ukamwite mama yako," akaendelea kumwaga.

Wiki hiyo wazazi wawili walikwenda kwa mwalimu mkuu kusema watoto wao hawatakaa darasa moja nami. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga wa kawaida. Alimwambia mama waziwazi: "Mimi ni mtu wa hesabu. Mwalimu wa Biolojia akisema mbele ya wazazi kwamba hii kitu haiambukizi, Mumbua arudi kesho. Wakisikia kutoka kwake watanyamaza." Zilikuwa zimebaki wiki chache tufanye mtihani wa taifa. Sentensi moja, basi, na alikuwa ameshaisema kwa ufasaha mbele ya watoto arobaini.

Mama alivaa nguo za kanisani tukaenda nyumbani kwake. Hakutukaribisha ndani. Alisimama upande wake wa geti, mikono nyuma.

"Mwalimu," mama alisema, "sisi hatujasoma. Wewe ndio unajua. Mumbua ameniambia ulisema si mate. Nakuomba useme tu hivyo hivyo kwa wale wazazi."

"Mama, mimi ni mwalimu wa somo. Si daktari."

"Lakini ulisema."

"Darasani nasema yaliyo kwenye silabasi."

Mama alinyoosha mkono kupitia geti. Sijui alitaka nini, labda kumshika tu mkono amsihi, kama watu wanavyofanya. Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili. Hata kifundo hakumpa. Mama yangu hakuwa na ugonjwa wowote, ila alikuwa amenizaa. Aliurudisha mkono wake, akaufuta kwenye sketi kana kwamba ni kweli ulikuwa na kitu, na hilo ndilo sijaweza kulimeza mpaka leo.

Mtihani sikufanya. Wenzangu walifanya. Mwaka uliofuata shangazi yangu alinichukua Kitui, nikaingia shule nyingine, na jambo la kwanza aliloniambia, kabla hata sijafungua sanduku, ni hili: "Hapa hakuna mtu anajua, na hakuna mtu atajua." Alisema kwa upendo. Nilimeza dawa chooni. Nilifaulu, nikasomea famasia, nikaajiriwa, nikahamishwa mara mbili, na kote huko nilimeza dawa chooni. Sijaanguka kwa miaka mingi. Wenzangu kazini walijua ninapenda kufunga mlango, wakadhani ni maringo.

Nimejaribu kumwelewa yule mtu. Wengine wananishauri nimwelewe. Wanasema alikuwa mtu wa wakati wake, kwamba bibi yake alimlea na hofu zile, kwamba kichwa kinaweza kujua na mwili ukakataa. Inawezekana. Inawezekana ndani yake Ndio zote za vitabu zilipigwa na La moja ya utotoni, na hesabu ikatoka ilivyotoka. Lakini getini hapakuwa na povu, na hakuwa ameshtuka. Alikuwa na siku tano za kutafakari, akatafakari, akaona jina lake lina thamani kuliko mwaka wangu. Korona ilipoingia na kila mtu akaanza kusalimiana kwa kiwiko, watu wa kwetu walinipigia simu wakisema, unaona Mwalimu alikuwa mbele ya wote? Nilikata simu nikaenda kunawa mikono, na nikiwa nanawa nikajichukia kwa kunawa.

Mwishoni mwa mwaka jana nilikuwa kwenye kituo cha afya cha barabara kuu, si mbali na mji wa Salama, ambako ndiko ninakogawa dawa. Dirisha langu linatazama ukumbi wenye mabenchi manne. Siku hiyo ya soko yalijaa. Mbele kabisa alikaa mama mmoja anayeshusha kabichi kutoka Kikima kuja kuziuza Salama, ambaye kila mwezi huchukua dawa za presha kwangu. Ni mchangamfu, huniita daktari wetu, na mara nyingi huniachia kabichi moja hata nikikataa.

Nikasikia sauti yake. "Aiya! Si huyu ni Mwalimu wa kule kwetu?"

Mzee alikuwa ameingia akishikiliwa na binti yake, mwanamke wa makamo. Kofia ilikuwa imeshushwa hadi kwenye nyusi. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umelegea, kama watu waliopigwa na kiharusi. Mama wa kabichi alimnyooshea mkono, naye akatoa kifundo. Hapo ndipo nikamjua, kwa hicho kifundo.

"Mnaona huyu?" mama wa kabichi aliwaambia wa benchi. "Huyu amefundisha watoto wangu wote watatu. Kule kwetu ukiumwa hata na jino, unamuuliza yeye kwanza!"

Watu walimpisha, akafika dirishani. Karatasi ya daktari ilisema kifafa kilichofuata kiharusi, na dawa iliyoandikwa ni ile ile ninayomeza mimi. Hakunitambua. Aliinamisha kichwa karibu na kioo.

"Daktari, tafadhali usiitaje kwa sauti."

"Mwalimu, umetoka mbali. Kikima dawa hii ipo."

"Kikima wananijua," alisema, akatazama nyuma begani kwake. "Na hapa pia, naona."

Nilimwambia akae nimwandalie. Kuwa mkweli ni kazi: nilifurahi. Niliona furaha chafu, ya mtu anayemtazama mwingine akilowa pale alipomlowesha yeye. Nilikuwa bado naibandika lebo niliposikia benchi likikwaruza sakafu, kisha ile kelele moja.

Nilipofika mlangoni mabenchi yalikuwa yamebaki matupu. Wagonjwa wote walikuwa nje wakichungulia, na mama wa kabichi alikuwa akipiga ukelele, "Msimguse! Asi, msimguse mpaka povu ikauke!" Binti wa Mwalimu mwenyewe alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani, mikono mdomoni. Mwalimu alikuwa chini, mwili ukiruka, mate yenye damu kidevuni, suruali ikilowa.

Nilisimama. Nilisimama zaidi ya ilivyohitajika, na nilijua ninachokifanya. Kinyaa kilinijaa mpaka kooni, na hakikuwa cha mate wala mkojo. Kisha nikapiga magoti, nikamvua miwani, nikaweka sweta yangu chini ya kichwa chake, nikasukuma benchi mbali na miguu, na kutetemeka kulipopungua nikamlaza ubavu ili mate yatoke. Niliyafuta kwa kiganja kwa sababu sikuwa na kitu kingine.

Alifungua macho taratibu. Alipotea kwa muda, kama tunavyopotea wote.

"Nani amenishika?"

"Mimi, Mwalimu."

"Wewe ni nani?"

"Mumbua."

Alinitazama sana. "Wa dawati la dirishani," alisema. Alikuwa anakumbuka. Kisha macho yake yakanipita, yakaziona zile nyuso.

Mama wa kabichi alikuwa amekaribia mlangoni, nusu ndani nusu nje. "Mwalimu, pole sana. Lakini tuambie ukweli, wewe ndio unajua mambo ya mwili. Hiyo si ndio ile ya kuambukiza? Maana huyu daktari wetu amekushika na mikono tupu."

Nilikuwa nimemshika bega. Nilifikiri: sema. Hakuna atakayekufukuza shule. Umeshazeeka, umeshaheshimiwa, uko chini kwenye sakafu na kila mtu ameona. Sema ile sentensi.

"Hiyo si kifafa," Mwalimu alisema. "Ni sukari imeshuka. Sijakula tangu asubuhi."

Wakacheka! Walirudi wote kwa mkupuo, wakishusha pumzi, wakamwinua, wakamkalisha, mmoja akamletea soda, mwingine ndizi. "Sukari! Aki Mwalimu umetutisha." Mama wa kabichi alimpangusa koti kwa mkono wake. "Na mimi nilishangaa," alisema. "Nikajua daktari hawezi kushika hivyo bila kujua. Si ndio, daktari? Ni sukari tu, si ndio?"

Wote walinigeukia. Mwalimu hakunigeukia.

Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata akiwa huyu. Ningeweza kutikisa kichwa kukubali, na ukumbi ungeendelea na siku yake. Shingo yangu ilikuwa imeshaanza. Ndipo nikakiona nilichokuwa karibu kukifanya, na nikajionea kinyaa kuliko nilivyowahi kumwonea yeye.

"Ugonjwa wake ni wake, mwaitu," nilisema, nikimwita mama kwa Kikamba. "Lakini kifafa nitawaambia. Ninacho mimi. Ninacho tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Nameza dawa kila siku hapo nyuma ya mlango huo. Na dawa zenu zote mmezipokea kutoka mikono hii, mwaka wa tatu sasa. Hakiambukizi. Hakijawahi kumwambukiza mtu."

Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake akamketisha upande wa pili. Muuguzi ninayefanya naye kazi alikuwa ametoka chumba cha chanjo na alisimama na bomba la sindano mkononi, mdomo wazi. Niliingia ndani, nikachukua pakiti ya Mwalimu, nikaifunga kwa karatasi ya kaki, nikamwita binti yake pembeni nikamweleza kila kitu kwa sauti ya chini. Aliitikia bila kuinua macho. Mwalimu alishasimama. "Twende," alimwambia, wakapita mbele ya dirisha langu, yeye akitazama barabarani, na sijamwona tena.

Nilirudi kwenye kiti changu. Mikono nikaiweka mezani mahali ambapo watu wangeiona. Kisha nikaita jina lililofuata, na lilikuwa la mama wa kabichi.

Alikuja polepole. Mkono aliounyoosha kupitia dirishani alikuwa ameufunika kwa pindo la leso, kiganja chote, vizuri, kama mtu anayeepua sufuria.

"Weka tu hapo, daktari," alisema kwa upole.

Nililishika lile pindo kwa vidole vyangu nikalifunua. Nikamwekea dawa kwenye kiganja kitupu, nikaukunja mkono wake juu ya dawa, na sikuuachia. Ulikuwa wa baridi, na ulitaka kurudi.

"Moja asubuhi, mwaitu," nilisema, "na hii nyingine jioni."

"Nimesikia, daktari."

Nikarudia maelezo tangu mwanzo, mkono wake bado ndani ya wangu.